Kinasa Kizito cha Tusekile

Akina mama wenzangu, mkienda dukani na mtoto anayepiga gitaa la umeme, msimwache achague kinasa peke yake. Kinasa ni kile kidude cha sumaku kinachokaa chini ya nyuzi. Vya siku hizi vinakula maumivu ya mpigaji na kuyageuza sauti. Muziki ukiwa mzito, kinakula zaidi.

Binti yangu Tusekile nilimwambia achukue chepesi.

“Hicho cha kwaya, mama,” akasema, na muuzaji akacheka. Akachukua kizito kuliko vyote.

Na kweli anapiga, mpaka mabati yanatetemeka. Lakini juzi aliipua sufuria ya makande kwa mikono mitupu. Viganja vikababuka.

“Mama nawe, unalia nini? Ni ngozi tu.”

Kinasa tulishakiondoa, maumivu hayajarudi.

Leo nimeingia ndani na nguo nilizoanua, nikamkuta bafuni amempakata mdogo wake mchanga, ameshamvua nguo.

“Pumzika, mama, leo namwogesha mimi. Maji nimeyapima kwa mkono, yako sawa.”

Beseni lilikuwa linafuka mvuke.