Pasi ya Mkaa

Ukuta mzima wa ukumbi uliwaka. Kila umeme ulipouzwa nchi jirani, kompyuta ilichora yenyewe mshipa mpya wa mwanga, na wageni wakapiga makofi. Sauda, msanii aliyeibuni kazi hiyo, alisimama pembeni akificha mkono wa gauni lake jeupe. Mkono huo ulikuwa na alama ya kuungua kwa pasi, na asubuhi alikuwa amemfokea shangazi yake kwa sababu ya alama hiyo.

"Zama hizi, shangazi, bado pasi ya mkaa?"

Shangazi alipuliza majivu ya pasi tu.

Sasa fundi wa umeme alimjia akitabasamu. "Uliomba umeme usikatike hata dakika moja, dada. Mambo safi! Tumezima Bondeni yote tangu alfajiri, ili wa kwao uje huku."

Bondeni ndiko nyumbani kwa shangazi. Ndiko Sauda alikoamka asubuhi hiyo.

Uso ulimwiva kwa aibu. Alipenya katikati ya watu hadi kwenye swichi ya kazi yake, kando ya safu ya mbele, na hapo ndipo alipomwona shangazi, kajitanda kanga yake mpya, shingo juu.

"Nisamehe, shangazi. Naizima sasa hivi."

"Usizime, mwanangu," shangazi alisema, macho hayabanduki ukutani. "Niache kwanza niuangalie umeme wetu unavyokwenda."

Mkono wa Sauda ukabaki kwenye swichi, na kila mshipa uliopita ukaimulika ile alama.