Linagonga Tena

Gari lilikuwa linagonga tena.

Fundi alitega sikio juu ya injini, akamwashiria binti yake akanyage mafuta. Kelele zile zile zikarudi, kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Jana jioni, kwa mikono yake mwenyewe, alirekebisha taimingi, akakaza boliti ya distribyuta inayoishikilia, akaitia alama ya chaki, kisha akalipandisha gari mlimani na kurudi nalo. Lilitulia kama maji mtungini. Leo asubuhi alama ya chaki imekwenda upande.

"Zima, mama," alimwambia binti. "Zima kabla sijalia."

Binti alizima, akashuka, akavuta mikono ya sweta lake mpaka viganjani. "Pole, baba. Gari lenyewe kuukuu."

"Kuukuu ni mimi."

Na ndivyo alivyoamini. Tangu binti alipokuja kuwasalimu, akilalamika kwamba gari limeanza kugonga njiani, imekuwa kazi isiyo na mwisho. Plagi amebadilisha. Mafuta amemwaga yote, akidhani yamechakachuliwa. Kabureta ameisafisha mpaka inang'aa. Jioni gari linapona, asubuhi linaumwa. Gari gani hilo linaumwa likiwa limelala, jamani? Fundi mzima, aliyelea watoto kwa spana, anakaza boliti moja isikazike! Alikuwa amechoka mpaka kwenye kucha, na nyuma ya uchovu ilikuwepo hofu. Alikwisha kujiapia: likimshinda hili, la mwanawe wa kumzaa, anafunga gereji.

Mkewe alipita na beseni la nguo, wala hakumwonea huruma. "Kikombe chenyewe unakishika kinatetemeka, baba watoto. Sembuse boliti?"

"Wewe fua," fundi alijibu.

Siku hiyo akaamua kufungua kifuniko cha mkanda wa taimingi. Pengine mkanda umeruka jino, ndiyo maana hapati usingizi. Binti akamshikia tochi kama alivyozoea utotoni, enzi zile alipokuwa akimpa spana hata kabla hajaitaja. Wakaukagua pamoja. Mkanda ulikuwa mzima, meno yote mahali pake.

"Afadhali," fundi alisema. "Huu ukikatika ndiyo basi tena. Nimezunguka maduka yote, hauna mwenzake. Gari lingelala hapa mpaka liote majani."

Binti akazima tochi. Simu yake ililia. Akaenda kuipokelea nyuma ya ukuta. Alikuwa mumewe, aliyepiga kila siku kuuliza gari limefikia wapi.

"Bado linagonga," alisikika akisema kwa sauti ndogo. "Si mimi, wallahi. Muulize baba."

Aliporudi alikuwa akitazama chini. "Anakuja kunichukua. Leo leo."

Fundi aliona aibu. Mkwe aje amkute ameshindwa? Akakivuta kigoda, akaanza upya: taimingi, boliti, chaki. Hata chai ya saa nne ilipoa pale pale juu ya tairi.

Mkwe alifika alasiri kwa basi, shati limepigwa pasi, maneno laini kama siagi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja wakati mzuri. Hebu sikiliza!"

Fundi akakanyaga mafuta. Injini ikanguruma bila kokoto hata moja. Alijisikia kijana. Alitamani mkewe asimame pale na beseni lake asikie vizuri.

"Hongera, baba," mkwe alisema. Kisha akamwambia binti bila kumtazama, "Haya. Mizigo."

Mama mkwe alimwita ndani anywe maji, naye fundi akaenda bombani kunawa. Alinawa taratibu, akipiga mluzi, jambo ambalo hakulifanya wiki nzima. Kilichobaki ni kurudisha kifuniko cha mkanda tu. Aliporudi akamkuta mkwe amekwisha kukaa kwenye usukani. Mkwe akawasha, akakanyaga.

Kokoto zikarudi.

"Mzee," mkwe alisema, na ulaini wote ukamtoka, "ndiyo kutengeneza gani huku?"

Fundi alikuwa akitazama ukutani, mahali alipoitundika spana namba kumi, ile ya boliti ya distribyuta, kabla ya kwenda bombani. Haikuwepo. Akamtazama binti yake, aliyesimama kando ya boneti na begi lake. Vidoleni alikuwa na grisi mbichi. Mikono ya sweta ilikuwa imekunjwa mpaka kwenye viwiko, kama afanyavyo mtu anayetaka kufanya kazi haraka, na juu ya kifundo cha mkono palikuwa na alama za vidole vya mtu, zimevilia damu.

Baba na binti wakatazamana. Binti akaanza kuishusha mikono ya sweta, kisha akaiacha.

"Zima, mkwe wangu," fundi alisema. "Nitazame mara ya mwisho."

Akainama chini ya boneti, akakaa huko kitambo. Alipoinuka, mikono yake haikuwa ikitetemeka hata kidogo, na mmoja ulikuwa ukirudisha mfukoni kisu cha kukatia nyaya.

"Mkanda umekatika," alisema. "Binti atabaki na gari. Wewe wahi basi la jioni."