Msamaha wa Sabuni

“Enyi wenye kola chafu, saa ya ukombozi imewadia! Inukeni! Doa halina tena pa kujificha!”

Tangazo hilo la kihistoria lilisikika bafuni, kutoka kwenye simu iliyoegemezwa kwenye kopo la miswaki, na ukombozi wenyewe ulikuwa sabuni ya unga. Binti aliendelea kusugua meno. Sauti ile alikuwa ameizoea. Ilikuwa ya baba yake.

Mzee alikuwa mtangazaji wa redio, lakini sabuni ndiyo iliyompa umaarufu. Tangazo lake lilianza redioni, likahamia kwenye simu, na kwa miaka kumi na tisa halikuwahi kunyamaza. Ada ya shule ya bweni ilitoka humo. Kule bwenini wenzake walimbatiza Kola, na hakuna siku aliyokatiza uwanjani bila mtu kumpigia kelele, “Inuka!”

Sasa Kola alikuwa mtu mzima mwenye programu yake mwenyewe ya simu, iliyoitwa Kimya. Kazi ya Kimya ilikuwa kuzuia matangazo na kuwatimua wote wanaochungulia simu za watu. Haikumuuliza mtu jina wala namba. Kila wiki ilitoa toleo jipya, pamoja na taarifa rasmi iliyotiwa saini na Idara ya Huduma kwa Wateja. Idara ilikuwa na mfanyakazi mmoja, naye alifanyia kazi kitandani, amevaa soksi zisizofanana.

Nyumbani hakumwambia mtu. Alisema tu anafanya “mambo ya kompyuta.” Ungemwambiaje mtangazaji kwamba umejiajiri kuua matangazo?

Kimya ilizuia mikopo, kamari na dawa za kuotesha nywele. Ilizuia kila kitu, isipokuwa sabuni moja. Ndani kabisa ya programu, mahali ambapo hakuna ambaye angechungulia, Kola alikuwa ameandika mstari mmoja wa kuiruhusu ipite. Hakuwa na moyo wa kumziba baba yake mdomo katika simu za watu elfu arobaini.

Siri ilikaa salama mpaka alipojitokeza mtumiaji mmoja aliyejiita Sikio Bovu.

“Idara,” aliandika, “kuna mzee wa sabuni amepenya. Mshughulikieni.”

“Mpendwa mteja,” Idara ilijibu, “tatizo limetatuliwa katika toleo 5.4.”

Toleo 5.4 likatoka.

“Idara, bado yumo. Leo kanikuta kwa daktari wa meno, mdomo wazi. Nimeshindwa hata kumtukana.”

Toleo 5.5 likatoka na kile ambacho Idara ilikiita maboresho madogo.

“Ni madogo kweli. Siyaoni.”

Katika toleo 5.6 Idara iliulaumu mtandao. Katika toleo 5.7 iliilaumu simu ya mteja. Hapo Sikio Bovu akachafukwa.

“Idara, sabuni imewanunua? Nawapa hadi Jumapili adhuhuri. Huyo mzee asipozimika, nitawatangazia watumiaji wote kwamba Kimya inakula rushwa.”

Programu ya kulinda faragha ikishukiwa mara moja tu, imekwisha. Watu wangeifuta hata kabla ya kumaliza kusoma. Kazi ya miaka mitatu ilikuwa upande mmoja, na upande wa pili alikuwa baba.

Kola akaenda jikoni. Mama alikuwa anakata vitunguu.

“Mama, hivi Baba angejisikiaje lile tangazo likizimwa?”

Kisu kilisimama. “Lizimwe na nani?”

“Mtu tu.”

“Mwambie huyo mtu aje nimpikie.”

“Mama! Baba si analipenda?”

“Kila aendako wanamwomba aliseme, na kila mara analisema. Tena anasimama.” Mama alifuta machozi kwa mgongo wa mkono. “Mimi nimeolewa na sabuni, mwanangu. Niache nikate vitunguu.”

Kola alimtazama kwa makini. Ulimi ule mkali aliujua. Aliusoma kila wiki kwenye meseji. Basi Sikio Bovu alikuwa humuhumu ndani, kavaa aproni!

Jumapili walikaa mezani watatu. Baba alikuwa anamega mkate kwa taadhima, kama mtu anayezindua daraja. Dakika mbili kabla ya adhuhuri, Kola alishusha simu chini ya meza, akaufuta ule mstari, akaachia toleo 5.8. Kisha akamwandikia Sikio Bovu peke yake: “Mzee wa sabuni amefungwa mdomo. Tuwie radhi. Idara.”

“Nipitishie chumvi, mwanangu,” alisema baba kwa upole, na Kola alihisi kama amemzika akiwa hai. Akaiweka simu mezani, akampitishia chumvi, kisha akamkazia mama macho, akisubiri simu ya mama ilie.

Mlio ulisikika. Ulitoka kwenye mfuko wa shati la baba.

Mzee akavaa miwani, akasoma, na uso wake ukakunjuka kama shuka mpya. Kisha macho yake yakaangukia simu ya bintiye, iliyokuwa bado wazi mezani, na maneno ni yaleyale, mpaka saini.

Akakohoa kidogo, kama anayesubiri taa ya studio iwake.

“Basi, Idara, Sikio Bovu ni mimi,” alisema kwa sauti ndogo ambayo hakuna redio iliyowahi kuirusha. “Na kuanzia kesho atakuja bibi mmoja wa dawa ya mende. Huyo naye ni mimi, nimebana pua. Tafadhali mzuieni mapema.”