Mwendo wa Profesa

Siku hizi aliyepooza kwa kiharusi hapewi mazoezi. Hupandikizwa kichwani mwendo wa Profesa Mbwilo, mtaalamu wa fiziotherapia aliyepata uprofesa kwa utafiti huo. Mama yangu hayumbi tena: anatembea kifua mbele, akiutupa mguu wa kushoto kibabe. Nashukuru, ila nikimtazama namwona Profesa, si yeye.

Jana Profesa alikuja kumkagua. Mwanangu Tausi akasimama, akapiga hatua zake za kwanza kumfuata bibi yake, kifua mbele, mguu wa kushoto akiutupa vilevile.

Mama akapiga vigelegele.

“Bila upasuaji!” Profesa akashangilia. “Mama Tausi, huyu namwandikia makala.”

“Mwache ajifunze mwendo wake.”

“Wake wa nini, na wangu upo?”

Nikambeba mwanangu mgongoni. Mpaka sasa sijamshusha, na analia anataka kutembea.