Gambuti Juu ya Zulia

Hadiya alipanda jukwaani mtaani Migosi na gambuti zake, matope ya mtaro yakidondokea zulia jekundu la kukodi.

Wakili huyu mhamiaji kutoka Jinja alikuja kuwaomba wazee wamuunge mkono awe mwakilishi wa wadi. Tangu alfajiri alikuwa akizibua mtaro wa soko la Kibuye na akina mama wauza mitumba.

"Mama, hapa si kwenu Uganda," mwenyekiti wa wazee alifoka. "Huku wazee wanaheshimiwa. Omba radhi, la sivyo kura zetu usahau!"

"Zulia litafuliwa, Mzee!" mwanamke mmoja alidakia kutoka nyuma.

Hadiya aliitazama michirizi myeusi miguuni pake, kisha akashika maikrofoni.

"Mzee, matope haya mmeyaruka miaka kumi. Leo yamewafuata hadi vitini. Siombi radhi."