Leso Tano Kwenye Theluji

Watu watano waliojifunika leso gubigubi walitokea juu ya kilima cha theluji nyuma ya mtaa wa Hjulsta, wakaanza kushuka. Mugambi alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Kazi yake ilikuwa moja tu: kumtambua Wanjugu, mchumba wake, bila kumfunua yeyote mwingine.

Hiyo ni desturi ya kwao Wanjugu siku ya mahari. Huko Kenya hufanyika uani, wasichana wakipita kwa madaha huku bwana harusi akikodoa macho. Hapa Stockholm, Shangazi Milcah, dada wa Mzee Njuguna, baba yake Wanjugu, aliamua kwamba kijana anayejidai bingwa wa theluji atachagua mke kwenye theluji.

"Ukikosea tutakucheka mpaka Pasaka," alimwonya. "Na ukipatia pia usijidanganye. Bila neno la kaka yangu, leo tutakula pilau na kurudi makwetu. Hakuna mahari."

Hapo ndipo roho ilipomuuma Mugambi. Ndani ya kibanda walichokodi, kiti cha Mzee Njuguna kilikuwa kitupu na chai yake inapoa.

Ugomvi wao ukiusikia utacheka. Kwa miaka mingi Mzee Njuguna ndiye aliyewaongoza waumini wa kanisa lao kwenye matembezi ya majira ya baridi, wote wakiwa na viatu vya theluji, yale madude mapana kama ungo yanayomzuia mtu kuzama. Msimu uliopita Mugambi akaja na skii fupi, vile vibao vya kutelezea. Skii hizo ni pana, na chini zina manyoya yanayoshika theluji unapopanda, kwa hiyo unatembea nazo vizuri tu. Tofauti huonekana mkifika mteremkoni. Mwenye viatu hushuka hatua kwa hatua; mwenye skii anateleza zake.

Mugambi aliteleza. Alimpita mzee akipiga mbinja, akamrushia theluji mpaka masikioni, na akina mama wakaangua kicheko. Angekuwa na akili angesimama akaomba radhi. Yeye alipunga mkono.

Tangu hapo mzee hakupokea simu yake hata moja. "Yule wa vibao asinijie hapa," ndilo lilikuwa jibu lake kila Wanjugu alipomtaja. Majira haya Mugambi alikuwa akienda nyumbani kwa mzee, Hjulsta, kila Jumamosi kuomba msamaha, na kila mara mama yake Wanjugu alifungua mlango nusu.

"Mzee ametoka, mwanangu."

Ametoka wapi, na viatu vyake vya theluji vinaning'inia pale pale ukutani? Mugambi alijua wazi kwamba mtu amejifungia chumbani. Aliacha salamu, akapanda treni na kurudi kwake Farsta akiwa mnyonge.

Wanjugu naye hakuwa na muda wa kumliwaza. Jumamosi zote alikuwa hapatikani. Alikuwa ameazima skii za Mugambi, jozi zote mbili, ili akafanye mazoezi na rafiki aliyeona haya kuanguka mbele za watu.

"Rafiki gani huyo?" Mugambi aliuliza.

"Humjui vizuri," alijibu Wanjugu, akabadilisha mazungumzo.

Sasa leso zilikuwa zinakaribia. Nne zilitembea na viatu vya theluji, zikinyanyua miguu juu juu. Ya tano, ya nyuma kabisa, ilikuwa juu ya skii fupi.

"Huo ni mtego, bwana," alinong'ona Bruce, rafiki yake aliyekuja kuwa msemaji wa upande wao. "Wamempandisha Kamila, binamu yake Wanjugu, hapo ili uingie mkenge."

Mugambi alikaza macho. Alikuwa anatazama miguu. Skii ya kushoto ilikuwa inakimbilia nje. Kiwiko cha kulia kilipanda juu bila sababu. Kufika penye mteremko mkali, leso ile ilisimama, ikakanyaga kanyaga theluji kama inayotafuta ujasiri, ikainama mbele kupita kiasi, ikateleza kidogo, ikakaa chini pwaa!

Mugambi alicheka kwa furaha. Makosa yale aliyajua yote. Aliyarekebisha mwaka mzima na hakuna hata moja lililorekebika. Duniani pote hakuna mtu mwingine aliyeanguka vile, na yeye alimpenda Wanjugu pamoja na kuanguka kwake.

"Sina shaka," alimwambia Bruce, akapanda kilima mbio, akizama mpaka magotini. Wanawake waliokuwa mlangoni pa kibanda walipiga vigelegele.

Alipiga magoti mbele ya leso iliyokaa kwenye theluji. Hakutaka kufunua kabla hajasema lililokuwa moyoni.

"Sikiliza, mpenzi," alisema kwa sauti ya chini. "Najua Baba amekataa kuja, na wala simlaumu. Nilimwaibisha mbele ya watu anaowaongoza, nikajiona mjanja. Nitakwenda kwake kila Jumamosi mpaka anifungulie mlango, hata nywele zangu ziote mvi. Sitaki kukuoa kwa kumkimbia baba yako."

Leso ilitikisika mabega, na Mugambi hakujua kama ni kicheko au kilio.

Aliishika pindo, akaifunua taratibu. Chini yake palikuwa na masharubu meupe, yamejaa theluji.

"Umekosea, mkwe wangu," alisema Mzee Njuguna. "Binti yangu amenifundisha Jumamosi zote, hata kuanguka. Haya, niinue."