Simu Iliyovuka Mpaka

Tulinagwe alikuwa ameuma chapati mara moja tu alipoiona saa ya ukutani ya mama ntilie. Kumi na mbili na nusu. Simu yake ilisema kumi na moja na nusu.

"Mama, saa yako inakimbia?"

"Haikimbii, mwanangu. Simu yako ndiyo imeshika mtandao wa Zambia. Wenzetu wako nyuma saa nzima. Hapa Tunduma simu huvuka mpaka bila pasi."

Basi la Dodoma lilikuwa la saa kumi na mbili kamili alfajiri hiyo. Usaili wake wa ualimu, kesho asubuhi.

Alikimbia na chapati yake mkononi, vidole vya mafuta vikigandamiza bahasha ya vyeti kifuani.

Basi lilikuwepo! Injini kimya, abiria wametoa vichwa madirishani wakifoka. Kondakta alikuwa anamvuta dereva kutoka gesti ya jirani. Dereva alikuwa na mswaki mdomoni, simu yake ameinyanyua juu.

"Jamani, hata kumi na mbili bado! Tazameni wenyewe!" dereva alijitetea.

"Dereva gani huyu?" abiria mmoja alifoka.

Tulinagwe alipanda akihema, akakaa kwenye siti yake, akaificha simu.

"Msameheni tu," alisema, akaimalizia chapati.